Una rekodi polisi na unataka kuendesha lori? Tuongee wazi

Mzee wa Mizani (Nakuru)

Wadau, nafungua uzi huu kwa ajili ya vijana wanaoniandikia faraghani, wengi kutoka Kisumu, Bungoma na hapa Nakuru. Swali lao ni lilelile: "Mzee, niliwahi kufungwa. Naweza kuwa dereva wa trela?"

Unaweza. Shida ni kwamba wengi wenu mnabisha mlango usio wenu. Mtu ametoka ndani mwezi uliopita, anakimbilia kampuni yenye trela mpya za Mombasa hadi Malaba. Getini anaambiwa alete cheti cha maadili mema, anageuka na kwenda nyumbani akiamini kwamba Kenya nzima imemfungia.

Kuna ofisi mbili hapa na watu huzichanganya. Leseni hutolewa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Cheti cha maadili hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, baada ya alama za vidole vyako kulinganishwa na zile zilizo kwenye mafaili yao. Ukienda kutafuta leseni ya lori, unatakiwa kuwa na kitambulisho, kupita shule ya udereva, kufanya mtihani na kulipa ada. Cheti cha maadili kinaingia kwenye mambo ya leseni unapotaka kubeba abiria. Kwa hivyo ukimsikia mtu akisema "ukishafungwa hupewi leseni," muulize anazungumzia matatu au lori. Isipokuwa kosa lako lilikuwa la barabarani na hakimu mwenyewe akakunyang'anya leseni. Hapo rudi usome hukumu uone alisema muda gani.

Anayetaka cheti kwa upande wa lori ni mwajiri, na hana roho mbaya. Anakukabidhi kichwa na trela, mzigo wa mtu mwingine juu yake, mafuta ya kufika Kampala, halafu hatakuona kwa siku kadhaa. Bima inamuuliza alimpa nani gari. Mwenye mzigo anamuuliza vilevile.

Basi usianzie hapo. Anzia kwa mwenye lori moja au mawili. Tipa za mchanga na kokoto. Kanta, yale malori madogo, za viazi Molo na Elburgon. Malori ya miwa kule Muhoroni, Chemelil na Nzoia. Mahindi ya Kitale msimu wa mavuno. Huko swali la kwanza ni "nani anakujua?" na hilo unaweza kulijibu. Leseni nayo hupanda kwa ngazi, B ya gari dogo, kisha C1 ya lori dogo, kisha C, kisha CE ya trela. Hata asiye na rekodi yoyote haruki ngazi. Muda huo wa kupanda ndio utakaokupa jina.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Kijana wa Kondele

Shikamoo mzee. Mimi sikufungwa. Nilikamatwa na wenzangu usiku, tukashtakiwa kuvuruga amani. Kortini jamaa wakaniambia nikiri tu nilipe faini niende zangu, kesi iishe. Nikakiri, nikalipa. Sasa nina leseni ya C1, nimeomba kazi ya kuendesha kanta ya kusambaza bidhaa dukani, cheti cha DCI kimetoka na hiyo kesi imeandikwa. Kwani faini nayo ni rekodi?

Mzee wa Mizani (Nakuru)

Marahaba kijana. Ndiyo, ni rekodi. Ulipokiri, hakimu alikutia hatiani. Faini ilikuwa adhabu tu, kama vile kifungo kingekuwa adhabu. Hili linawaumiza vijana wengi mno wa kwetu, wa chang'aa, wa bangi kidogo, wa ugomvi wa baa. Mtu anakiri saa tatu asubuhi ili alale nyumbani, hakuna anayemwambia vidole vyake vimeshahifadhiwa.

Hata hivyo kosa lako si la kumtisha mwenye lori. Hukuiba wala hukuvunja duka. Usikae umejificha na karatasi hiyo kana kwamba uliua mtu. Usiombe kazi ukisubiri waone wenyewe. Sema kabla hawajafungua bahasha.

Afisa Mstaafu (Kakamega)

Nimefanya kazi ya urekebishaji na uangalizi miaka mingi, naomba niongeze hapo kwa sababu watu hawajui karatasi zao wenyewe zinasema nini.

Kabla hujasema "nina rekodi," nenda kwa karani wa mahakama iliyosikiliza kesi yako uombe nakala ya mwenendo wa kesi na uamuzi. Soma mstari wa mwisho. Kuna tofauti kubwa kati ya haya:

Kama kesi iliondolewa au uliachiliwa huru, wewe huna hatia. Lakini vidole vyako vilichukuliwa siku ya kushtakiwa na faili linaweza kuwa bado linaonyesha kesi haijaisha, kwa kuwa hakuna aliyewapelekea matokeo. Peleka nakala iliyothibitishwa ya uamuzi kwa DCI ili warekebishe. Nimeona watu wakikosa kazi miaka na miaka kwa kesi waliyoshinda.

Kama uliachiliwa chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, yaani bila adhabu au kwa sharti la kutorudia kosa, mwajiri anastahili kuuona uamuzi huo wenyewe. Unaonyesha hakimu hakuona haja ya kukuadhibu.

Kama ulipewa kifungo cha nje chini ya Sheria ya Uangalizi wa Wahalifu, Sura ya 64, angalia vizuri. Mahakama ya chini inaweza kutoa amri hiyo baada ya kukutia hatiani, au bila kufika hatua ya kukutia hatiani. Wengi wamepewa ile ya pili na hawajui.

Na ukitumikia amri ya huduma kwa jamii chini ya sheria ya 1998, mwambie afisa wako akuandikie barua kwamba umeimaliza. Barua ya afisa wa uangalizi anayekufahamu ina uzito kwa mwajiri wa mtaani kuliko watu wanavyodhani. Anaweza hata kupigiwa simu.

Tajiri wa Webuye

Naheshimu wazee waliotangulia, lakini acheni niseme upande wa mwenye gari. Lori nimelinunua kwa mkopo. Kila mwezi benki inataka chake, kuwe na mzigo au kusiwe. Dereva akininyonyea lita thelathini kila safari, mimi ndiye ninayefanyia benki kazi bila mshahara. Kwa hivyo mtu aliyefungwa kwa wizi akiwa kazini, wizi wa mwajiri wake, simpi ufunguo. Mnisamehe.

Mwingine yeyote nitamsikiliza. Nimewahi kuwa na dereva aliyefungwa kwa kupigana, mtu mpole kabisa akiwa hajanywa. Nilimwambia sharti moja tu, pombe ukiwa na gari langu tumeachana. Alikaa nami mpaka akapata CE akahamia trela.

Mwana Malaba

Tajiri, hapo kwa wizi unakaza sana. Aliyeiba akiwa na miaka kumi na tisa, sasa ana thelathini na watoto, naye aendeshe nini? Mkokoteni?

Tajiri wa Webuye

Aanze kama utingo. Utingo hana ufunguo wa tanki wala hapokei pesa za njiani, lakini namwona kila siku. Akipita mwaka na turubai langu halijapotea, wala spea haijabadilishwa usiku kwenye kituo cha malori cha Salgaa, mimi mwenyewe nitamlipia shule ya C1. Hilo nimelifanya. Simwambii mtu afe njaa, nasema asianzie kwenye kiti cha dereva.

Mzee wa Mizani (Nakuru)

Tajiri amesema jambo ambalo nilitaka tulifikie. Utingo ndiyo shule ya watu wetu, na kwa mwenye rekodi ni bora kuliko ombi la kazi lililopigwa chapa. Unajifunza kufunga mzigo usitikisike, kukagua matairi kwa nyundo, kusikiliza breki za upepo zikivuja, kusimama nyuma trela ikirudi kinyumenyume. Unajulikana na askari wa mizani ya Gilgil na ya Webuye. Unajua kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka tani 56 kuwa kikomo cha juu kabisa, na kwamba gari linaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla na bado likashikwa kwa sababu mzigo umelalia ekseli moja. Siku bosi akikosa dereva, huulizi kazi, unaulizwa.

Na acheni niseme la moyoni, kwa maana nimeona mengi barabara hii. Rekodi ambayo wenye malori wa Nakuru wanaiogopa kuliko ya polisi ni namna unavyoshuka kutoka Mau Summit. Anayetoka Malaba akiwa na mzigo hupanda Timboroa kwa taabu, akimaliza Mau Summit anaona mteremko wa Sachangwan, Migaa na Salgaa mbele yake, na shetani anamwambia apige fri. Anatoa gia, anaweka nyutro, lori linateleza lenyewe, mafuta anayookoa atauza. Injini haimsaidii tena kushikilia gari. Breki zinabeba tani zote zile peke yake, zinapata moto, zinakufa. Akitaka kurudisha gia, haiingii, gari limeshachanganya.

Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, tanki la mafuta lilianguka, watu wakaja kuchota, moto ukawaka, zaidi ya mia moja wakafa. Migaa, usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017, basi na lori, watu 36. Makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliwaparamia watu kando ya barabara, wachuuzi na abiria waliokuwa wakingoja gari, 52 wakafa. Sisemi kila moja ilikuwa ya fri. Nasema mwenye lori yeyote kati ya Naivasha na Busia ana majina haya kichwani anapokuangalia. Anataka kujua kama ukiwa peke yako usiku, bila wa kukuona, utashuka kwa gia ndogo na breki ya injini, ukiwa chini ya kilomita 80 ambazo ndizo kikomo cha magari ya mizigo. Ukiwa utingo, mweleze dereva wako kwa heshima akitaka kupiga fri. Akikataa, shuka. Wewe mwenye rekodi huwezi kumudu kuwa ndani ya gari hilo siku litakapoanguka, hata kama hukushika usukani.

Mwana Malaba

Hapo umenena mzee. Mimi niongeze la vyeti bandia kwa sababu huku mpakani yako mengi. Kuna watu wanakuambia lete elfu kadhaa, "tunasafisha rekodi," unapewa cheti cha DCI kinachong'aa. Ombi la kweli linafanywa eCitizen, tovuti ya serikali, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya alama za vidole, unachukuliwa alama Huduma Centre au makao makuu ya DCI Barabara ya Kiambu. Mwajiri akihakiki hicho cha mitaani na kisipatikane, amekupata na kosa jipya. Kughushi ni kosa la kufungwa. Ulikuwa na faini ya kuvuruga amani, sasa una kughushi hati. Hiyo ya pili ndiyo itakayokufungia mlango kabisa, kwa maana ni uongo, na uongo ndio matajiri wanaoukimbia.

Mama wa Kanduyi

Nawasalimu nyote. Mdogo wangu yuko gereza la Kodiaga, Kisumu, anamaliza kifungo mwaka huu. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa tipa, kosa lake halikuwa la barabara wala la wizi. Nataka kumwandalia kitu asitoke akarudi kwa wenzake wa zamani. Kuna la kufanya akiwa bado ndani?

Afisa Mstaafu (Kakamega)

Mama, umeuliza swali ambalo jamaa wengi huliuliza wakati tayari wamechelewa.

Kwanza, ukienda kumtembelea mwulize kama yuko kwenye karakana. Magereza yetu hufundisha ufundi wa magari, useremala, uashi na mengine, na wafungwa hufanya mtihani wa serikali wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wakapata cheti cha daraja la tatu, wakaendelea. Cheti kinaandikwa NITA, si gereza. Dereva wa tipa mwenye cheti cha mekanika ni dhahabu kwa mwenye lori moja, kwa sababu gari likiharibika Lugari hatahitaji kumwita fundi kutoka Eldoret.

Pili, uliza tarehe yake ya kutoka kwa hesabu ya magereza. Wafungwa wengi hupata punguzo la theluthi ya kifungo kwa mwenendo mwema, ingawa si wa kila kosa. Familia nyingi hushtuka mtu amefika nyumbani hawajajiandaa.

Tatu, tafuta kitambulisho chake na leseni yake. Leseni ikiwa imekwisha, wekeni akiba ya kuihuisha. Mtu anatoka gerezani hana hata kitambulisho, wiki tatu za kwanza zinapotea akizunguka ofisi, na hizo ndizo wiki mbaya.

Nne, nenda kwa ofisi ya uangalizi ya kaunti ndogo yenu kabla hajatoka. Kazi yao si ya korti tu, wana huduma ya walioachiliwa. Na chifu ajue mapema kutoka kwako, asisikie sokoni.

Mama wa Kanduyi

Mungu akubariki. Na msamaha wa rais? Kuna mtu ametuambia tumlipe aandike barua.

Afisa Mstaafu (Kakamega)

Msimlipe. Ibara ya 133 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe au kupunguza adhabu kwa ushauri wa kamati, na mtu yeyote anaweza kupeleka ombi. Si jambo la dalali. Na kwa mtu anayekaribia kumaliza, nguvu zenu zielekezeni kwenye kazi.

Kijana wa Kondele

Mzee, na ndoto ya trela ya Kampala niiache?

Mzee wa Mizani (Nakuru)

Usiiache, ila jua iko ngazi ya ngapi. Mpaka wenyewe si tatizo lako, Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho. Tatizo ni kwamba mzigo wa kupita mpakani una lakiri ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya ushuru. Gari likisimama mahali pasipotakiwa au likikengeuka njia, linaonekana kwenye kompyuta. Kampuni inayobeba mzigo huo inataka dereva ambaye haitaulizwa chochote juu yake. Utafika hapo na barua mbili tatu za waajiri, si kwa maombi ya mtandaoni.

Tanki la mafuta liweke mwisho kabisa. Ghala za bomba la mafuta zipo Nakuru, Eldoret na Kisumu, mileji yake, yaani posho ya safari, inavutia, ndiyo maana vijana wanalitamani. Lakini dereva wa tanki anatakiwa kuwa na kibali cha EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, juu ya leseni yake, na waajiri wa upande huo ndio wakali kuliko wote kwa karatasi.

Mwana Malaba

Na wale wa "nitaenda Ghuba kuendesha trela" pia wajue cheti cha maadili ni karatasi ya kwanza kuombwa. Usiuze shamba la baba kumlipa wakala kabla hujaona cheti chako mwenyewe kinasema nini.

Kijana wa Kondele

Sasa swali la mwisho, mnisamehe kwa maswali. Nikikaa mbele ya mwenye lori, naanzaje? Nikisema mapema ananifukuza. Nikinyamaza, anagundua.

Tajiri wa Webuye

Nitakuambia ambacho mimi ningetaka kusikia. Usianze na kesi, wala usiniachie mpaka mwisho kama mtu anayetoa habari za msiba. Niambie leseni yako ni ya daraja gani, umeendesha gari gani, barabara gani unazijua. Halafu sema: "Bosi, kuna jambo utaliona kwenye cheti changu, afadhali ulisikie kwangu. Mwaka fulani nilishtakiwa kuvuruga amani, nililipa faini, hii hapa nakala ya korti. Tangu hapo sijarudi kortini. Huyu hapa mzee wa kanisa, au chifu, au mwajiri wangu wa zamani, mpigie."

Kisha nyamaza. Usilie, usilaumu polisi hata kama walikuonea. Mimi nikiuliza swali, jibu hilo hilo nililouliza. Nikikwambia nitafikiria, usikasirike, kwa maana kweli nitafikiria. Nitampigia huyo mzee simu jioni.

Na ukikataliwa na mmoja, usibadilishe maneno kwa wa pili. Wenye malori wa Webuye na Bungoma tunaongea, mizani yetu ni moja. Tukisikia hadithi mbili kutoka kinywa kimoja, hiyo ndiyo rekodi.

Kijana wa Kondele

Asanteni wazee wangu. Jumatatu naenda korti ya Kisumu kuomba nakala, kisha nimtafute jirani yetu mwenye tipa za mchanga, amekuwa akinijua tangu nikiwa mtoto.

Afisa Mstaafu (Kakamega)

Vizuri mwanangu. Nenda na nambari ya kesi. Kama huikumbuki, iko kwenye risiti ya faini, na kama risiti imepotea, beba kitambulisho na mwezi uliposhtakiwa karani aitafute kwenye rejista. Omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, zaidi ya moja, utaacha moja kwa kila mwenye lori utakayemwona. Na fika mapema, mchana utakuta foleni ya watu wa dhamana.